Siku za Muhogo Majini: Sumu ya Mimea na Unga wa Pwani ya Bagamoyo

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Mto Mpiji, ambao leo ni mpaka kati ya Dar es Salaam na Wilaya ya Bagamoyo, ukapanda kaskazini kupitia Mapinga, Kerege, Zinga na Kaole hadi mji wa Bagamoyo na bonde la Ruvu, neno unga halijawahi kuwa na maana moja. Limebeba mtama, mahindi, uwele na muhogo uliokaushwa, mara nyingi viwili kati ya hivyo vikiwa vimetwangwa pamoja katika kinu kimoja, na kila kimojawapo kimekuja na hatari ambayo wapishi wa pwani walilazimika kuijua kabla hawajajua ladha yake. Hatari inayohusika hapa ni sumu ya asili ya mimea, yaani kemikali ambayo mmea huitengeneza wenyewe ili kujikinga na wadudu, wanyama na magonjwa, na ambayo hubaki katika mzizi, jani au punje baada ya mavuno. Ni jambo tofauti na sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu unaoota juu ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya, na ambayo imetawala mazungumzo ya usalama wa chakula nchini Tanzania tangu vifo vya mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa sababu ya uzito wa msiba ule, historia ndefu zaidi ya sumu za mimea zenyewe imesahauliwa kwa kiasi kikubwa, hata na watu ambao bibi zao waliishi kwa kuizingatia kila siku.

Sumu hiyo huingia katika unga kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile inayokaa ndani ya zao lenyewe, kama ilivyo kwa muhogo na kwa mtama uliochipua. Ya pili ni ile ya gugu linaloota kati ya nafaka, likavunwa pamoja nayo na mbegu zake zikasagwa bila kuonekana. Kwa zote mbili watu wa pwani walijenga ujuzi ambao haukuandikwa popote, ujuzi wa siku na wa vidole: siku za kuloweka, siku za kuanika, saa za kupeta na kuchambua. Ukifuatilia habari za sumu hizi kwa zaidi ya karne moja, utaona kwamba kila mara ziliporudi kuua au kulemaza, zilirudi mahali ambapo siku hizo zilikuwa zimepunguzwa, ama kwa njaa, ama kwa haraka ya soko, ama kwa unga kusagwa mbali na macho ya anayeula.

Kabla ya mazao ya Amerika kufika, nafaka kuu ya ukanda huu na bara lake ilikuwa mtama, pamoja na uwele, na mpunga katika mabonde yenye maji. Punje ya mtama iliyokomaa haina sumu ya kutisha, lakini mmea mchanga na chipukizi vina dhurini, kemikali ambayo ikipondwa au kutafunwa huachia sianidi, sumu inayozuia chembe za mwili kutumia hewa ya oksijeni. Wafugaji hulijua jambo hili kwa namna yao, kwa kuwa ng'ombe aliyeingizwa katika shamba la mtama uliochipua upya baada ya ukame anaweza kuanguka na kufa mara moja. Wanakemia wa Uingereza, Wyndham Dunstan na Thomas Henry, waliitenga kemikali hiyo mwaka 1902 kutokana na mtama mchanga wa Misri, na wakaipa jina linalotokana na neno la Kiarabu la mtama, dhura. Watengenezaji wa togwa walikuwa wamekwisha kuikabili zamani sana bila kuipa jina lolote. Kimea, yaani mtama uliolowekwa, ukafunikwa mpaka ukachipua, ndicho kinachoifanya togwa iwe nyepesi na tamu, lakini sumu ya punje iliyochipua hukusanyika zaidi katika chipukizi. Desturi ya kukianika kimea juani mpaka kikauke kabisa, kisha kukifikicha kwa viganja hadi machipukizi na vijizizi vikatike na kupeperushwa, huondoa sehemu kubwa ya dhurini pamoja na machipukizi hayo, na uji unapochemka huondoa kiasi kingine. Hakuna aliyeeleza hivyo. Ilisemwa tu kwamba kimea kisichofikichwa ni kichungu.

Muhogo ulikuja baadaye, na uliibadilisha pwani kuliko zao lolote jingine. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika kutoka Brazili. Katika pwani ya mashariki ulienea kwa taratibu kupitia Msumbiji na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kufikia mwisho wa karne ya 18 ulikuwa umeshika mizizi Zanzibar. Richard Burton na John Speke walipoondoka Kaole mwezi Juni 1857 na kupita Uzaramo kuelekea maziwa, muhogo ulikuwa tayari miongoni mwa vyakula vya vijiji na vya wapagazi kando ya njia ya misafara. Udongo wa mchanga wa eneo kama Mapinga, ambao hauwezi kushika maji kwa muda mrefu na ambao mahindi huungua juu yake mvua za vuli zinapokosekana, unaupokea muhogo bila kinyongo. Tena zao hili halina msimu mkali wa kuvuna: linaweza kuachwa ardhini likangoja, na hiyo ndiyo sifa iliyolifanya kuwa akiba ya wakati wa shida. Inafaa kukumbuka pia kwamba mahindi, ambayo kwa jina lake Mswahili aliyanasibisha na India, nayo ni ya Amerika, na kwamba gugu la mnanaha, ambalo litazungumziwa mbele, lina asili ya bara hilo hilo. Chakula na sumu yake vilivuka bahari zile zile.

Muhogo una linamarini, kemikali ya ukoo mmoja na dhurini. Katika mzizi mzima usiojeruhiwa kemikali hiyo imetulia, kwa sababu kimeng'enya kinachoivunja, yaani kichocheo cha asili kinachofanya kazi ya kuitenganisha, kimehifadhiwa katika sehemu nyingine ya seli. Mzizi unapokatwa, kupondwa au kuoza, kuta za seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka ikapotea hewani au majini. Ndiyo kusema kwamba kuuharibu mzizi kwa makusudi, na kuupa muda baada ya kuuharibu, ndiko kunakouokoa mlaji. Wakulima hugawa muhogo kuwa mtamu na mchungu, na mgawanyo huo una ukweli, kwa kuwa mizizi yenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo moja huhesabiwa kuwa salama kwa kuchemshwa tu, ilhali yenye zaidi ya miligramu 100 ni ya hatari. Lakini mpaka wenyewe unahama. Aina ile ile iliyoliwa mwaka jana ikiwa tamu inaweza kuwa chungu mwaka wa ukame, kwa sababu mmea unaoteseka kwa kiu huongeza kinga yake. Kwa nini basi watu walipanda mchungu kwa hiari? Kwa sababu nguruwe mwitu, nyani na hata mwizi wa usiku huuogopa, na mkulima anayeishi karibu na pori hupima hasara ya kulinda shamba usiku kucha dhidi ya kazi ya kuloweka.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo historia nzima ilimo. Njia fupi ni ya makopa: mizizi humenywa, hupasuliwa vipande virefu na kuanikwa juu ya paa au kichanja mpaka iwe mikavu na myeupe kama chokaa. Makopa ni mazuri kwa kuhifadhi, lakini jua peke yake hukausha mzizi kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake, na vipimo vimeonyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya sumu inaweza kubaki. Njia ndefu ni ya kivunde, jina linalotokana na kuvunda, ambayo imeenea katika sehemu za pwani ya Tanzania. Mizizi iliyomenywa hutiwa katika chungu au ndoo ya maji, ikafunikwa na kuachwa siku tatu hadi tano. Siku ya pili maji hutia ukungu mweupe na kuanza kutoa harufu ya uchachu. Siku ya tatu mzizi uliokuwa mgumu kama kuni hubonyea kwa kidole gumba, na uzi mgumu wa katikati huvutwa ukatoka wenyewe. Hapo ndipo hupondwa, ukakamuliwa, ukaanikwa kwa mafungu madogo madogo, ukatwangwa na kuchekechwa. Bakteria wa uchachu waliofanya kazi ndani ya maji yale wamelainisha kuta za seli, na takriban sehemu tisa kati ya kumi za sumu zimekwisha kutoka. Mama aliyebonyeza mzizi kwa kidole gumba siku ya tatu alikuwa anafanya kipimo cha usalama wa chakula, na kipimo hicho kilikuwa sahihi.

Majani nayo yana sumu, tena mara nyingi kuliko mzizi, na hapa pwani ilipata njia nzuri mno. Kisamvu hakichemshwi kikiwa majani mazima. Hutwangwa kwanza katika kinu mpaka kiwe laini, kikachemshwa kwa muda mrefu, na tui la nazi likatiwa mwishoni. Utaratibu huo hufuatwa kwa sababu ya ladha, lakini kutwanga ndiko kunakoachia sianidi na kuchemsha bila kufunika ndiko kunakoitoa. Katika nyumba nyingi za pwani kisamvu kinachothaminiwa zaidi ni kisamvu cha mpira, yaani majani ya mti wa mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo anayeitwa na wanabotania Manihot glaziovii. Mti huo uliletwa na Wajerumani kama zao la biashara, ukapandwa katika mashamba makubwa ya pwani na ya Usambara, na bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki, mashamba hayo yalikufa. Miti haikufa. Ilibaki katika mipaka ya viwanja na nyuma ya nyumba, na wanawake walioujua muhogo waliitambua jamaa yake, wakaitendea kama walivyoutendea muhogo, na kuitia chunguni. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa ujuzi wa jikoni ukitumika juu ya mmea ambao hakuna aliyewafundisha watu kuula.

Maarifa ya maandishi yalifuata nyuma. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyofunguliwa Bagamoyo mwaka 1868, ilikuwa na bustani kubwa, na miongoni mwa mapadre wake alikuwapo Charles Sacleux, mtaalamu wa lugha na wa mimea aliyefika pwani mwaka 1879, akakusanya mimea na majina yake, na hatimaye kutoa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, ambamo mimea mingi ya pwani imewekwa pamoja na jina lake la kisayansi. Bagamoyo hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi mkuu wa maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kwa hiyo mji huu ni mmoja wa miji michache ya Afrika Mashariki ambayo maisha yake ya kila siku yaliandikwa mapema kwa Kiswahili na mtu wake mwenyewe, na hilo ni jambo la fahari lisilosemwa vya kutosha.

Njaa ndiyo iliyoujaribu ujuzi huu kwa ukali. Nzige wa miaka ya 1894 hadi 1896 na ukame wa 1898 na 1899 ulioikumba pwani uliwasukuma watu kwenye vyakula vya porini, na kati ya hivyo kimoja kinaonyesha jinsi sumu na chakula vilivyokaribiana. Mtapo ni mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi, ambao wanabotania huuita Encephalartos hildebrandtii, na huota katika misitu ya pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Shina lake limejaa wanga, lakini wanga huo una sumu inayoharibu ini. Wakati wa njaa wanga huo ulikatwa, ukavundikwa, ukakaushwa na kusagwa, na unga wake ukapikwa. Aliyefupisha siku za kuvundika aliumia. Watawala wa kikoloni waliitazama hali hiyo wakaona dawa yake ni muhogo, na chini ya Waingereza amri za serikali za wenyeji ziliilazimisha kaya kupanda eneo fulani la zao la akiba, hasa muhogo na mtama. Amri zilihesabu mashina shambani. Siku za jikoni hazikuhesabiwa.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika utafiti. Kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani katika milima ya Usambara mwaka 1902, kiligeuzwa na Waingereza kuwa kitovu cha kuboresha muhogo, kwa sababu magonjwa yalikuwa yanaumaliza pwani. H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na wenzake, R. F. W. Nichols na baadaye D. L. Jennings, waliuchanganya muhogo na mpira wa Ceara ili kupata mbegu zenye ukinzani. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na matunda yake yapo mpaka leo: aina inayoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso nchini Kenya ni zao la Amani, na kituo cha utafiti cha Kibaha, ambacho ndicho kilicho karibu na Mapinga, kimeendelea kuisambaza pwani mihogo inayovumilia ugonjwa, ikiwemo Kiroba. Hata hivyo hesabu iliyopewa uzito kwa miaka mingi ilikuwa ya magonjwa na ya tani kwa hekta, wakati kiasi cha sianidi, ambacho mpira wa Ceara nao unacho, kiliachwa kiwe shauri la mpishi.

Matokeo ya kumwachia mpishi yalionekana katika nusu ya pili ya karne ya 20, si Bagamoyo bali katika pembe nyingine za nchi. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alikuwa ameeleza mwaka 1938, katika eneo la Kwango nchini Kongo, ugonjwa ulioitwa konzo na Wayaka wa huko, jina lenye maana ya miguu iliyofungwa: mtu, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, huamka siku moja miguu ikiwa imekakamaa, na hawezi tena kutembea kama zamani maisha yake yote. Mwaka 1981 ukame ulileta wimbi kubwa la ugonjwa huo katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliathirika. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana Mbinga na Mtwara. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hasa Nicholas Mlingi, waliufuatilia ugonjwa huo pamoja na Hans Rosling wa Sweden, na walichokikuta vijijini ni kile kile kila mara: muhogo mchungu, ukame, na siku zilizofupishwa.

Tukio la Masasi, kusini mwa Tanzania, la mwaka 1988 linaeleza jambo hili kuliko takwimu yoyote. Katika upungufu wa chakula wa mwaka huo familia hazikuweza kungoja muhogo ukauke kwa majuma kama ilivyozoeleka. Zilitumia njia ya haraka iliyoitwa chinyanya, ambamo mzizi mbichi hupondwa kinuni, ukaanikwa kwa saa chache, ukapondwa tena na kuanikwa tena, hata unga ukapatikana siku hiyo hiyo na kuliwa jioni. Watu walitapika, wakapata kizunguzungu na wengine wakazimia, na uchunguzi ulikuta sianidi nyingi katika unga. Tofauti kati ya unga uliowalisha wazazi wao na unga uliowaangusha wao ilikuwa ni muda tu.

Pwani ya Bagamoyo ilikuwa na kinga ya ziada ambayo haikutokana na muhogo wenyewe. Mwili wa binadamu hugeuza sianidi kidogo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa kwa kutumia salfa iliyomo katika protini, na chakula cha mvuvi, ambamo ugali wa muhogo, unaoitwa bada katika sehemu za pwani, huliwa kwa papa, dagaa au kunde, huupatia mwili salfa hiyo kila siku. Konzo hupiga pale muhogo unapobaki peke yake sahanini. Kwa sababu hiyo kushuka kwa samaki na kupanda kwa bei yake si habari ya kitoweo tu. Ni sehemu ya habari ya sumu.

Njia ya pili ya sumu, ile ya magugu, ina historia ya namna nyingine. Mnanaha, ambao wanabotania huuita Datura stramonium, huota katika majalala, mazizi ya zamani na mashamba ya nafaka yaliyoachwa bila palizi ya pili. Tunda lake ni la miiba, na ndani yake mna mamia ya mbegu nyeusi au za kahawia, bapa, zenye umbo la figo na urefu wa takriban milimita 3. Mbegu hizo zina atropini na skopolamini, kemikali zinazokausha mdomo, zinazopanua mboni za macho hata mwanga uyaumize, zinazoyaendesha mapigo ya moyo mbio na kumfanya mtu aongee na wasioonekana. Katika mila nyingi za pwani mtu wa namna hiyo angedhaniwa amepagawa, na jambo hilo lenyewe lilichangia kuificha asili ya ugonjwa.

Kinga dhidi ya gugu hili ilikuwa ungo. Mpetaji huinua ungo kwa mikono miwili, akaurusha na kuupokea kwa mshituko mdogo unaopeleka makapi mbele na kuirudisha punje nzito kifuani, kisha akauzungusha ili uchafu wa uzito wa kati ukusanyike katikati. Mbegu ya mnanaha haipeperuki kama kapi wala haizami kama jiwe. Katika mahindi huonekana upesi kwa udogo wake, lakini katika mtama na uwele hujificha, na ndiyo maana baada ya kupeta hufuata kuchambua, ambapo nafaka hutandazwa konzi moja baada ya nyingine na kila cheusi kikatolewa kwa kidole. Ni kazi ya kuchosha macho. Wasomaji wa Injili watakumbuka mfano wa magugu yaliyopandwa kati ya ngano. Neno la Kigiriki lililotumika pale linadhaniwa na wanazuoni wengi kuwa ni la gugu ambalo Waarabu huliita zuwani, linalofanana mno na ngano na ambalo punje zake humlevya mlaji, ingawa sumu yake hutoka kwa kuvu anayeishi ndani ya mbegu. Tatizo hili basi ni la kale na ni la dunia nzima. Afrika ya Kusini, mapema katika karne ya 20, watu walikufa kwa mkate wa ngano iliyochanganyika na gugu linaloharibu ini, na katikati ya miaka ya 1970 maelfu waliugua Afghanistan kwa sababu ya namna hiyo. Kusini mwa Tanzania marejea, mimea ya jamii ya kunde ambayo Padre Gerold Rupper wa Peramiho aliieneza kwa bidii katika miaka ya 1980 kama mbolea ya asili, ina ndugu zake wenye mbegu za sumu ya aina hiyo. Mbolea hiyo ni nzuri, lakini mbegu zake hazina nafasi ghalani pamoja na nafaka.

Ungo ulianza kupoteza nafasi yake pale unga ulipoanza kuja tayari. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimu Tanzania kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na mahindi ya njano ya Marekani, ambayo unga wake uliitwa kwa rangi yake unga wa Yanga, ndiyo yaliyoingia katika maduka ya vijiji vilivyokuwa vimetoka tu kuhamishwa. Watu waliulalamikia unga ule kwa ladha na kwa rangi. Jambo zito zaidi halikusemwa sana: kwa mara ya kwanza kaya za pwani zilikula kwa wingi unga ambao hakuna jirani aliyeupeta. Shirika la Usagishaji la Taifa na vinu vyake lilikuwa limechukua kazi ya ungo, na tangu hapo usalama wa mlaji ulitegemea palizi ya mtu asiyemjua.

Mwaka 1991 daktari H. T. Rwiza alichapisha katika jarida la tiba za nchi za joto habari za mlipuko wa sumu ya mnanaha ulioifikia hospitali ya serikali ya Usangi, katika milima ya Upare, ambapo chakula kilikuwa kimechanganyika na gugu hilo. Miaka 28 baadaye lilitokea tukio kubwa zaidi. Mwezi Machi 2019, katika eneo la Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, watoto na akina mama waliokuwa wakipokea unga wa uji uliorutubishwa kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walianza kuchanganyikiwa, kutapika na kupoteza fahamu. Watu wapatao 300 waliugua na watano walikufa. Kwanza wachunguzi walishuku vijidudu, kisha viuatilifu. Maabara ndizo zilizokuta atropini na skopolamini. Unga ulikuwa umetengenezwa nje ya Uganda kwa nafaka na soya, ukafungwa vizuri, ukaongezwa vitamini, na ndani yake mlikuwa na mbegu za mnanaha zilizosagwa zikawa unga. Mwaka 2020 Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani waliitisha wataalamu kupima upya hatari ya kemikali hizo katika chakula cha msaada. Waliokufa Karamoja walikuwa miongoni mwa watu wenye njaa zaidi katika Afrika Mashariki, na walikufa kwa chakula kilicholetwa kuwaokoa. Hilo halipaswi kusomwa kama ajali ya kawaida ya kiwandani.

Mapinga ya leo iko katikati ya mabadiliko hayo hayo. Barabara ya lami imeyafanya mashamba ya muhogo na mikorosho kuwa viwanja vya nyumba, na wakazi wapya wanaotoka Dar es Salaam hununua unga wa paketi, mwingine ukiwa wa lishe, yaani mchanganyiko wa nafaka, karanga na soya unaotengenezwa na wajasiriamali wadogo kwa ajili ya uji wa watoto. Viwango vipo: Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na kikomo cha sianidi katika unga wa muhogo, kwa kiwango cha kimataifa na cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni miligramu 10 kwa kilo. Lakini kiwango hupimwa maabara, na unga mwingi wa muhogo unaoliwa kati ya Mpiji na Ruvu haujawahi kuiona maabara. Kwa unga huo ipo njia iliyobuniwa na mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, mwanzoni mwa karne hii, ambayo kwa kweli ni kuyarudisha maji na muda katika unga uliokosa vyote viwili: unga hulowanishwa mpaka uwe rojo zito, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha ukapikwa siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hushuka hadi theluthi moja au chini yake. Hakuna mashine inayohitajika wala dawa ya kununua. Jamvi safi na jua la saa sita mchana vinatosha.